Mume anataka nifungue kibanda au niache kabisa

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Sakina, Arusha, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili na sebule. Kazi yangu ni kutunza hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukichanganya, kuanzia Juni hadi Oktoba, anatoka Serengeti leo, kesho anaingia Tarangire na wageni wengine, nyumbani analala usiku mmoja tu wa kufua nguo. Kwa hiyo jioni nyingi, watoto wakishalala, nabaki peke yangu, na hapo ndipo ninapokaa na jambo ninalolipenda kuliko yote baada ya familia yangu: kufungua vifaa vya umeme na kuvitengeneza.

Sijasomea. Nimejifunza kwa video na kwa kufungua vitu vyangu mwenyewe. Napenda ule utafutaji. Mtu analeta rimoti, anasema imekufa. Naielekeza kwenye kamera ya mbele ya simu, nabonyeza kitufe. Nikiona kwenye skrini kitaa kinawaka kwa rangi ya zambarau, najua rimoti ni nzima, ugonjwa uko kwenye runinga. Kisipowaka naangalia kutu ya betri, nafungua, nafuta bodi na mpira wa vitufe kwa spiriti, mara nyingi inarudi. Chaja ya laptopu iliyokufa, naanza na waya pale shingoni karibu na pini, maana ndipo unapokunjwa kila siku na kukatikia kwa ndani. Mambo madogo, lakini kitu kikiwaka mkononi mwangu usiku huo nalala na furaha.

Kilichoniteka zaidi ni betri za laptopu zilizotupwa. Ndani ya nyingi kuna seli sita za 18650, yaani vibetri vya mviringo, mbilimbili sambamba, makundi matatu kwa mfululizo. Betri ikifa, mara nyingi ni kundi moja limechoka, seli nyingine nne bado zina maisha. Nimekusanya seli sitini zinazoshika chaji, nikazipanga makundi matatu ya ishirini ishirini, nikaweka bodi ya ulinzi na inveta ya volti 12 ya wati 300, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Umeme ukikatika, kwetu taa mbili zinawaka, rauta inawaka, na runinga ya inchi 32 inawaka. Nimeiweka nyuma ya kochi. Kinachonikera ni kwamba inveta inaanza kulia na kuzima mapema, na nikipima seli nakuta kila moja bado ina volti 3.5. Nimebadilisha nyaya, hali ni ileile.

Sasa shida yenyewe. Alianza jirani mmoja na blenda. Akaja mwingine na redio ya sola. Siku hizi naletewa bila kuulizwa. Natoka kazini nakuta mfuko kwenye kizingiti, na mtoto wa watu anasema, “Mama amesema utamwangalizia.” Madereva wenzake na mume wangu wananiletea inveta za kwenye magari. Silipwi, na sijawahi kudai. Kapasita, fyuzi, soketi za kuchajia, vyote natoa mfukoni mwangu. Nikichelewesha naulizwa getini mbele za watu. Kuna pasi tatu na subwoofer chini ya meza ya chakula ambazo wenyewe wameshanunua nyingine.

Halafu kuna runinga ya mama mkwe. Ilikuwa haiwaki kabisa, kitaa chekundu kinapepesa tu. Nikaifungua, nikakuta kapasita mbili kwenye bodi ya umeme zimevimba kichwani, nikabadilisha, ikawaka vizuri. Baada ya muda, umeme ulikatika na kurudi kwa nguvu, na kesho yake runinga ikawa inatoa sauti bila picha. Mama mkwe ameambia ukoo mzima kwamba nimemharibia. Hataki niiguse tena. Wifi yangu naye ameongeza lake, kwamba najifanya mwanaume.

Mwezi wa nne, msimu wa mvua, mume alikuwa nyumbani muda mrefu. Hakusema kitu mwanzoni. Ila kila usiku kabla ya kulala alikuwa anachomoa chaja ya ile betri ukutani, asubuhi nakuta haijajaa, mpaka tukagombana. Mwishowe akasema: “Mama watoto, chagua. Fungua kibanda watu walipe, au hii kitu iishe kabisa. Sebule siyo karakana.”

Kibanda sikitaki. Naogopa nikianza kulipwa, ile raha itageuka kazi ya pili. Kuacha nako siwezi hata kufikiria. Mume wangu ni mtu mwema, anatulea vizuri, sitaki tugombane kwa sababu ya seli za laptopu. Nifanye nini?

Fundi wa Sebuleni, Sakina

*

Marahaba, mwanangu.

Umenieleza vizuri, na kila ulipogusa kifaa barua yako imechangamka. Mume amekuwekea njia mbili, kibanda au kuacha, na zote mbili zinakuuma. Katikati wako majirani wasiouliza, mama mkwe mwenye kinyongo, na seli sitini nyuma ya kochi. Tuviangalie kimoja kimoja, maana naona vimefungwa kwenye furushi moja na sina hakika kama ni vya furushi moja.

Nianze na jambo ulilolipita haraka. Kila usiku kabla ya kulala mume anachomoa chaja ukutani. Umeliandika kama kero, mimi nimelisoma kama hofu. Mtu anayeudhiwa na fujo ya sebule angelalamikia pasi zilizoko chini ya meza. Huyu anagusa kitu kimoja tu, tena saa ile watu wanapoenda kulala. Inawezekana anachokidai mchana, yaani sebule, na kinachomwamsha usiku ni vitu viwili. Huenda nimekosea, wewe ndiye unayemjua. Lakini kabla hujamjibu kuhusu kibanda, mkiwa mmetulia, muulize tu: “Baba, ile betri inakutia wasiwasi?” Kisha mwache aseme mpaka amalize.

Na akisema ndiyo, usimjibu kwamba umeweka bodi ya ulinzi basi yameisha. Bodi inazuia kuchaji kupita kiasi, kushusha kupita kiasi na shoti ya nje. Ugonjwa ulio ndani ya seli haiuoni. Seli iliyotoka kwenye betri ya kutupwa ikiwa chini ya volti 2, na imekaa hivyo miezi, huenda shaba ya ndani yake imeanza kuyeyuka na kuhama. Ukiichaji inaweza kushika chaji kama kawaida, kisha siku moja ikapiga shoti yenyewe ndani kwa ndani. Hujaniambia kama ulipima volti ya kila seli siku ulipoitoa, kabla ya kuichaji. Kama uliandika, zile zilizokuwa chini ya 2 ziondoe hata kama leo zinaonekana nzima. Kama hukuandika, kipo kipimo kingine: zijaze zote mpaka volti 4.2, ziache kila moja peke yake kwa wiki mbili au tatu bila kuzigusa, kisha pima tena. Seli nzima itabaki juu ya 4.1 au karibu sana na hapo. Iliyoshuka chini ya 4.0 inajila yenyewe, haifai kuunganishwa na wenzake. Ile inayokuwa ya moto ukiishika wakati wa kuchaji kwa ampea moja, usiipe nafasi ya pili.

Zaidi ya seli, mahali. Seli iliyotumika ya miliampea-saa 2,000 inabeba kama wati-saa 7, kwa hiyo zako sitini ni kama wati-saa 430. Zikiwaka, seli moja inaipasha jirani yake mpaka nayo inawaka, moshi wake una sumu, na kochi la sponji linashika moto upesi. Sijui ramani ya nyumba yenu, lakini kwenye nyumba nyingi za vyumba viwili, kochi liko kati ya mlango wa chumba cha watoto na mlango wa kutokea. Kama ni hivyo kwenu, kuihamisha nadhani hakuhitaji kusubiri uamuzi wa kibanda. Sakafu ya saruji, sanduku la bati lenye matundu ya hewa, mbali na pazia na godoro, na pasipo kuziba njia ya kutokea. Fyuzi kuu iwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri: inveta yako ikivuta wati 300 inachukua kama ampea 32, fyuzi ya 40 inatosha, na waya uwe wa milimita mraba 10. Kila seli ipate kiwaya chake chembamba kinachokatika umeme ukizidi, ili moja ikipiga shoti zile kumi na tisa zisimwage umeme wote ndani yake. Chaji ukiwa macho. Na hili la mwisho mume wako analifanya tayari kwa mkono wake kila usiku.

Moto ukitokea, toa watu nje kwanza, kata umeme kama swichi kuu inafikika, piga 114. Mwenye nyumba naye ana haki ya kujua kilichomo ndani ya nyumba yake. Ni mazungumzo magumu, anaweza kukataa, lakini akigundua mwenyewe itakuwa vigumu zaidi.

Kuhusu inveta inayolia, hapo hujakosea kuunganisha. Inveta za volti 12 za kawaida zimetengenezwa kwa betri za asidi, na hukata zikifika karibu na volti 10.5. Makundi matatu kwa volti 3.5 ni hiyo hiyo 10.5. Mzigo ukiwa mkubwa, volti inashuka zaidi njiani na inveta inakata hata mapema. Taa mbili za wati 7, rauta na runinga hiyo hazizidi sana wati 70. Kwa seli zako ungetegemea kama saa nne, kama inveta ingekuachia kushuka hadi chini. Kuongeza kundi la nne si dawa, kwa sababu likijaa linafika 16.8 na inveta nyingi za 12 zitakataa kwa juu. Wengi hupanga makundi saba ya nane nane, seli 56, na inveta ya volti 24. Zikijaa ni 29.4, na ukiishia 4.1 kwa seli ni 28.7, hapo inveta inatulia, tena ampea zinapungua nusu. Nne zinazobaki ni akiba. Gharama yake ni inveta nyingine, bodi ya ulinzi ya makundi saba na chaja yake, pamoja na kuunganisha upya kwa mashine ndogo ya kuchomelea vibati vya nikeli, maana kulehemu moja kwa moja juu ya seli kunaichoma ndani. Wengine wangekushauri uachane na seli za laptopu ununue seli nne za lithiamu ya fosfati: kwa mfululizo ni volti 12.8, zinavumilia joto vizuri zaidi, inveta yako ya sasa inazipokea. Ni fedha, na unapoteza ile raha ya kufufua kilichotupwa. Kama ni rauta na taa tu ndizo zenye umuhimu, rauta nyingi zinatumia volti 12 moja kwa moja kupitia bodi ndogo ya kutuliza volti, inveta ikae kando kabisa. Chochote utakachofanya, usichomeke inveta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme huo unaweza kutoka mpaka kwenye nguzo na kumkuta fundi wa laini akidhani pamezimwa.

Sasa majirani. Umeandika kwamba unatengeneza bure. Wewe ni mtu wa hesabu, kwa hiyo nakuomba ufanye unalolijua: chukua daftari, andika mwezi mmoja kila spea iliyotoka mfukoni mwako na kila jioni iliyokwenda kwenye kitu cha mtu. Simaanishi umdai mtu. Ni ili wewe na mume mkiongea muwe na kitu kimoja cha kuangalia. Na wakati unaandika, jiulize: kinachokuchosha ni kutolipwa, au ni kutoulizwa? Barua yako inalalamikia mfuko kwenye kizingiti na maswali ya getini kuliko inavyolalamikia pesa. Kama ni kutoulizwa, kibanda hakitibu. Kwenye kibanda ndiko utakakoulizwa “bado?” kutwa nzima.

Mafundi wengi wa nyumbani wamejiwekea taratibu ambazo zinapunguza joto bila kufunga mlango. Siku moja ya kupokea, tuseme Jumamosi asubuhi, na kifaa kilicholetwa bila mwenyewe kinarudi na aliyekileta. Spea ananunua mwenye kitu, wewe unamwandikia kwenye karatasi: kapasita ya ukubwa uleule, volti sawa au zaidi, inayovumilia nyuzi 105. Kila kifaa kinabandikwa utepe wenye jina, tarehe na ugonjwa kama mwenyewe alivyousema, na kinawashwa mbele yake kabla hujakifungua. Usiwashe moja kwa moja ukutani. Funga balbu ya zamani ya waya ndani, ya wati 60 hadi 100, kwa mfululizo na kifaa. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka kikamilifu na kifaa hakiungui. Kifaa chenye bodi, kama runinga au redio, kikiwa kizima inawaka kidogo kisha inafifia; pasi hata ikiwa nzima huiwasha, kwa hiyo kipimo hiki si chake. Balbu ya LED haifanyi kazi hiyo. Mwenye kitu akiiona ile balbu inawaka kwa macho yake, hawezi kesho kusema umeunguza wewe. Kwa inveta za madereva, waulize kwanza wanachomeka wapi. Tundu la sigara la gari kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 hadi 15, yaani kama wati 120 hadi 180. Mgeni akichomeka chaja ya kamera na laptopu mbili, fyuzi inakufa na inveta inasingiziwa.

Uwe pia na vitu usivyogusa, na useme wazi. Maikrowevu iwe ya kwanza: hata ikichomolewa, kapasita yake inaweza kubaki na zaidi ya volti elfu mbili, na imeua watu wenye uzoefu.

Hatari ya taratibu hizi usiidharau. Wapo watakaosema umeanza kuringa. Wapo ambao ulikuwa unawasaidia kwa moyo, mama mjane mwenye redio moja, na kwao “nunua spea kwanza” ni sawa na hapana. Huyo unaweza kumtofautisha kimyakimya, mradi uwe umeamua wewe na hukulazimishwa na mfuko mlangoni. Na mtu akishatoa hata shilingi elfu moja ya fyuzi, anajiona amenunua dhamana, kwa hiyo masharti yasemwe kabla, mdomoni na kwenye utepe.

Nikija kwenye kibanda, kuna maneno mawili ya kuuliza. Unasema malipo yataua raha. Inaweza kuwa kweli. Kwenye vibanda vya mjini, kinachokuja kwa wingi ni simu: vioo, soketi za kuchajia, betri. Mafumbo unayoyapenda wewe yanaletwa mara chache, na mwenye simu anataka ndani ya saa moja. Ukikodi fremu, mara nyingi utatakiwa kulipa kodi ya miezi kadhaa mbele, uwe na TIN ya TRA na leseni ya biashara ya halmashauri, na uwepo kutwa, jambo ambalo halikai pamoja na ajira yako. Lakini wapo watu ambao malipo yamewapa uhuru: kazi wasiyoitaka wanaitajia bei kubwa na inaondoka yenyewe, na wanayoipenda inawanunulia mita bora ya kupimia umeme. Sijui wewe utakuwa yupi. Unaweza kujipima kwa udogo, kwa mfano kukaa Jumamosi kwenye kibanda cha fundi mnayeelewana na kufanya betri na chaja tu, mkigawana. Hapo nako mkubaliane mapema nani anabeba lawama kitu kikirudi. Ukitaka karatasi ya kuonyesha, VETA wana utaratibu wa kupima na kuthibitisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, nawe unao. Watu wakianza kukuomba uwafungie sola au nyaya za nyumba, hiyo ni kazi ya leseni ya EWURA, usiingie bila hiyo.

La pili la kuuliza ni kwamba mume hakusema tu “acha”. Alianza na “fungua kibanda watu walipe.” Mtu asiyeheshimu kazi ya mkono wako hasemi hivyo. Huenda ameona watu wanamtumia mke wake na yeye yuko porini hawezi kuwaambia kitu. Mwulize alimaanisha nini.

Kuacha kabisa ungeweza, watu huacha mambo. Ila umeniambia unafanya haya watoto wakishalala na mume yuko Serengeti. Mimi nina wasiwasi juu ya jioni hizo zitakazobaki. Sina hakika kama umewahi kumweleza jinsi zilivyo, kuanzia Juni mpaka Oktoba. Anaijua sebule ya mwezi wa nne, yeye akiwepo. Ile ya mwezi wa nane hajawahi kukaa ndani yake. Mweleze, bila kumlaumu, maana naye yuko huko kwa ajili yenu. Inawezekana mkaishia kwenye kitu ambacho hakimo kwenye zile njia mbili, kama meza kuhamia kibarazani au stoo yenye kufuli, betri ikae nje ya nyumba, na pasi tatu zirudi kwa wenyewe wiki hii. Inawezekana pia akabaki na msimamo wake, na hapo utahitaji kujua lipi kati ya hayo yote huwezi kabisa kuliachia.

Wifi yako mwache na maneno yake.

Mama mkwe ni tofauti, kwa sababu huyo ana runinga isiyo na picha, na anaikalia kila jioni. Kwa maelezo yako, ugonjwa wa pili si ule wa kwanza. Kapasita zilizovimba zilizuia runinga kuwaka. Sasa inawaka na sauti ipo, kwa hiyo ulichotengeneza kinaonekana kufanya kazi. Sauti bila picha mara nyingi ni taa za nyuma ya kioo. Zimepangwa kwa mfululizo, na kwenye runinga nyingi moja ikikatika mstari mzima unazima, au runinga inaziwasha sekunde moja na kuzizima. Kipimo hakihitaji kufungua kitu: usiku, taa za chumba zikiwa zimezimwa, washa runinga, sogeza tochi karibu kabisa na kioo kwa mshazari. Ukiona picha hafifu inapita, kioo ni kizima na taa ndizo zimekufa.

Lakini mwanangu, kuwa sahihi kwenye kapasita hakutamridhisha mama. Ukienda na tochi kumthibitishia mbele ya ukoo, utashinda hoja na kinyongo kitabaki palepale. Unaweza kumwomba mume wako ashike tochi yeye, mama akiangalia. Unaweza kumwambia mama achague fundi anayemwamini, ninyi mchangie gharama, na wewe usiwepo kabisa. Mnaweza pia kungoja miezi ipite, ingawa hapo yeye ndiye anayekaa bila picha. Ikifika siku akakuruhusu mwenyewe, kumbuka kapasita kubwa ya bodi ya umeme inashika volti 325 au zaidi hata ikichomolewa, uipunguze kwa rizista yenye wati za kutosha na upime mpaka ishuke, usiigonge kwa bisibisi. Mistari ya taa ibadilishwe yote pamoja, ya urefu na volti ileile, kwa sababu taa za volti 3 na za volti 6 zinafanana kwa macho. Kioo kinyanyuliwe na watu wawili, na ikishawaka, shusha mwanga wa nyuma kwenye menyu, maana kiwandani huwa wanauweka juu sana na ndio unaozichosha taa hizo.

Niandikie mkishaongea, hata kama mazungumzo hayakwenda ulivyotaka.